Mkata Vikohozi

Jina lake sitaliandika hapa. Nimelisikia likitajwa vya kutosha maishani mwangu, mara nyingi na watu ambao kwa haki yangu walipaswa kutaja langu. Shuleni tulimwita Fundi. Kwenye orodha ya wafanyakazi alikuwa Fundi Maabara, mdomoni mwa watu Fundi tu, na mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa baiolojia katika maabara hiyohiyo tangu nilipofika mpaka alipostaafu. Naliweka wazi mapema ili msomaji ajue anasimuliwa na nani. Nilimwonea wivu mtu huyu kwa zaidi ya miaka ishirini, na wivu mwingine ninao mpaka leo.

Alikuwa mtu wa mjini hasa, wa zile familia za Kiislamu zilizokaa Tabora tangu misafara ilipokuwa ikipumzika hapa kabla ya kuendelea na safari ya Ujiji. Mrefu, mwembamba, vidole virefu vyenye madoa ya kemikali, koti jeupe ambalo mkewe alilipiga pasi mpaka mikono ikasimama yenyewe. Kofia haikumtoka kichwani. Siku bomba la maji lilipopasuka maabara na sote tukalowa, alishika kofia kwanza, bomba baadaye. Elimu yake ilikuwa ya kidato cha nne na mafunzo mafupi ya kazi. Mimi nilifika na shahada, binti wa mkulima wa tumbaku kutoka Sikonge, wa kwanza kwetu kuvaa joho, na nilidhani kwa joho lile watu wa mjini wangenipisha njia.

Kwa umri alinizidi miaka kumi na mitano hivi. Nilipaswa kumwamkia. Siku ya kwanza nilimwambia, "Habari za kazi," akanitazama kidogo kisha akajibu, "Nzuri, Mwalimu, karibu." Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi nilimpa habari za kazi naye akanipa nzuri Mwalimu, huku wanafunzi wakimwamkia pande zote na yeye akiwajibu mmoja mmoja bila kuruka mtu. Najua ilivyo aibu kwa mtoto aliyelelewa Unyamwezini kufanya hivyo, na baba yangu angenichapa kama angejua. Lakini nilijiambia kazini kuna vyeo, na shikamoo zangu nikamwekea mkuu wa shule.

Makao yake yalikuwa stoo ya maabara, chumba chembamba ambacho mlango wake ulifunguka nyuma ya meza yangu ya kufundishia. Humo alipanga chupa zake kwa mwandiko mzuri kuliko wangu, akaweka kigoda, redio kaseti kubwa iliyofungwa mpira kiunoni, na mfuko wa michembe. Saa nne kamili alikula michembe iliyochemshwa na karanga. Wenzake wa mjini walimcheka, mtu wa pilau anakula viazi vikavu vya shamba, naye aliwajibu, "Tumbo langu Mnyamwezi." Mama aliyefagia maabara alimsalimia kwa Kinyamwezi, "mwangaluka," na mimi, mwenye lugha, alinisalimia kwa Kiswahili. Hata hilo liliniuma.

Inabidi nieleze habari ya kaseti, maana bila kaseti mtu huyu haeleweki. Kabla ya kuajiriwa shuleni alikuwa na kibanda karibu na stesheni, na hata baada ya kuajiriwa aliendelea nacho Jumamosi. Utepe ukikatika au ukiliwa na redio, watu walimpelekea. Alikata sehemu iliyoharibika kwa wembe, akaunga ncha mbili kwa kipande chembamba cha selotepu, akaurudisha utepe ndani kwa kuzungusha penseli. Hilo mafundi wengi waliliweza. Sifa yake yeye ilikuwa kusafisha. Mawaidha ya msikitini yalirekodiwa watu wakiwa wamejaa, kwa hiyo ndani ya kaseti mlikuwa na vikohozi, jogoo, mtoto analia, mtu anauliza viatu vyake viko wapi. Fundi alisikiliza kaseti nzima sikio likiwa limegusa redio, akatoa takataka zote kipande kwa kipande, na shehe akabaki anazungumza peke yake kama yuko sebuleni kwako. Mjini walimwita mkata vikohozi.

Sasa, kidato cha sita kuna mada moja ambayo wanafunzi huiogopa. Jeni ikinakiliwa ndani ya kiini cha seli, nakala inayotoka, yaani RNA changa, haifai kutumika hivyo ilivyo. Ina sehemu zenye maelekezo, na kati yake kuna vipande virefu visivyohitajika. Lazima ivikwe kitu mbele, iongezwe mkia nyuma, visivyohitajika vikatwe na vinavyohitajika viungwe, ndipo itoke nje ya kiini ikatumike kutengeneza protini. Vinavyokatwa ni introni, vinavyobaki ni eksoni. Niliifundisha kwa Kiingereza, kama utaratibu unavyotaka, kwa michoro ya rangi tatu, vipindi viwili mfululizo, jasho likinitoka. Watoto walinakili kila kitu na hawakuelewa kitu. Kengele ya mapumziko ikalia, wakaingia stoo.

Nilisikia kila neno, maana mlango ule haukuwahi kufungika sawasawa.

"Hii kaseti mbichi," Fundi alisema. "Shehe amezungumza saa nzima. Humu mna mawaidha, mna vikohozi, mna jogoo. Nikimpelekea mtu hivi hivi, ataelewa?"

"Hataelewa, Fundi."

"Basi introni ndiyo kikohozi. Kata, toa, unga. Hebu tazameni hapa mwanzo. Utepe huu mweupe hauna sauti yoyote. Kazi yake nini?"

"Unalinda," mmoja akasema.

"Unalinda ncha, na unaionyesha redio pa kuanzia. RNA nayo inavikwa kofia." Nilijua bila kuona kwamba ameigusa ya kwake. "Bila kofia haitoki nyumbani. Na huku mwisho ina mkia: A, A, A, A, A, nyingi tu. Hazisemi neno, ila zinaizuia isichakae upesi. Mmeona?"

Waliona. Ilimchukua dakika sita, nilitazama saa yangu ya mkononi. Mwaka uliofuata aliongeza jambo ambalo mimi nilikuwa nalipitia haraka kwa sababu hata mimi lilinitatiza: kwamba jeni moja inaweza kutoa protini zaidi ya moja. Aliwaeleza kwamba kutokana na hotuba moja ndefu ya shehe yeye alitengeneza kaseti tatu, moja ya harusi, moja ya msiba, moja ya kumi la kwanza la Ramadhani, kwa kuchagua vipande vya kubakiza. "Shehe ni yuleyule," alisema, "wembe ndio umechagua." Nilikaa kwenye meza yangu nikasahihisha daftari moja mara mbili.

Mtihani wa majaribio mwaka ule mwanafunzi wangu mmoja aliandika, kwa Kiingereza safi kabisa, kwamba RNA changa hukohoa kabla ya kutoka kwenye kiini, na kwamba vikohozi vyake hukatwa kwa wembe. Msahihishaji wa shule nyingine alinipigia simu. "Mwalimu," akasema, anacheka mpaka anakosa pumzi, "RNA za Tabora zina kifua?" Nilimpelekea Fundi karatasi ile kwa hasira, nikaitupa mbele ya michembe yake. Aliisoma polepole, akaikunja, akasema, "Lakini ameelewa, Mwalimu." Na kweli alikuwa ameelewa. Wengine thelathini walikuwa wameandika maneno yangu vizuri na hawakujua wameandika nini.

Nisimpambe kupita kiasi. Alikuwa na kero zake. Hadithi moja aliisimulia mara kumi kwa watu walewale. Mwanafunzi akirudisha chupa bila kufunga kizibo alimfokea mpaka mtoto akatokwa machozi, kisha dakika ileile akampa mchembe. Alipenda sifa, ila zikija alijifanya hazimhusu, akawa anapangusa meza ambayo ni safi tayari. Jingine ambalo sikulielewa kamwe ni kwamba mtu huyu aliyeondoa vikohozi vya mji mzima hakutupa hata kimoja. Vipande vyote alivyokata alivihifadhi kwenye makopo ya maziwa ya unga, juu ya kabati, kila kopo na karatasi yake. Nilimuuliza siku moja anahifadhi takataka za nini.

"Sijui bado," alisema. "Wewe si ulisema hata hizo introni baadhi yake zina kazi?"

Nilikuwa nimesema. Nilisema mara moja, mwisho wa kipindi, wakati darasa linafunga madaftari.

Hadithi aliyoirudia kuliko zote ilikuwa ya kosa lake mwenyewe. Zamani watu walitumiana barua za kaseti. Mama mmoja wa mjini, mumewe akifanya kazi mbali huko Mpanda, alirekodi barua na kumletea Fundi aisafishe kabla ya kuipeleka kwenye treni, kwa sababu alikuwa ametoka kuugua na kila sentensi ina kikohozi. Mahali pamoja mama alisema, "Mimi," akakohoa, kisha, "si mgonjwa tena, usihangaike." Fundi akakata kikohozi. Wembe ukaingia ndani zaidi kwa upana wa ukucha wa kidole kidogo, ukaondoka na "si." Mume kule akasikia sauti safi ya mkewe ikimwambia, "Mimi mgonjwa tena." Aliacha kazi siku hiyohiyo. Alifika Tabora na begi la dawa, akamkuta mkewe anatwanga kisamvu, mzima, anamshangaa.

"Kosa dogo hivi," Fundi aliwaonyesha wanafunzi ukucha wake. "Maneno mengine yote yapo, hakuna lililoharibika, lakini barua imekuwa nyingine. Na seli ndivyo hivyohivyo. Ikikosea pa kukatia kwa herufi moja, protini inaharibika, mtu anazaliwa na damu isiyotosha maisha yake yote. Tangu siku ile mimi nikikata, nasikiliza mara tatu kabla sijaunga. Mara tatu."

Mada ya magonjwa yanayotokana na makosa ya ukataji iko ukurasa wa mwisho wa sura. Sikuwahi kufika ukurasa huo nikiwa na mtu anayenisikiliza.

Wanafunzi wakimaliza shule walirudi kusalimia, na ndipo wivu uliponipata sawasawa. Aliyekwenda udaktari, aliyekwenda maabara ya utafiti Dar es Salaam, wote waliingia kwa mlango wa mbele, wakanipa mkono na kalenda ya ofisi zao, kisha wakapita nyuma yangu kuingia stoo. Stoo walikaa saa nzima. Mmoja alimletea asali ya nyuki wadogo kutoka Sikonge, kwetu, kutoka kijiji cha jirani na baba yangu, na mimi nikapata kalenda. Fundi alinimegea asali ile kwenye chupa ya dawa iliyooshwa vizuri. Niliipeleka nyumbani na sikuionja.

Lilikuwapo jambo jingine ambalo nililijua baadaye sana. Mara kwa mara wanafunzi walinijia na maswali magumu, maswali ya kweli, yale yanayomfanya mwalimu arudi kwenye vitabu vya chuo kikuu. Nilijivuna kwamba nimewaamsha. Kumbe Fundi akiulizwa asilolijua hakubabaisha, alisema, "Hapo wembe wangu umefika mwisho. Hiyo muulizeni Mwalimu." Mabaki yake ndiyo yaliyokuwa yanakuja kwangu, na mimi nilikuwa nayapokea kwa furaha.

Binti yangu alisoma shule ileile. Alipofika kidato cha sita nilimtengea meza nyumbani, nikamchorea seli ukutani kwa mkono wangu. Mchana mmoja nikiwa nimerudi maabara kuchukua miwani nilisikia sauti yake stoo.

"Fundi, nielezee tena pale wanapounga. Mama ameshanielezea, lakini Mama anaeleza kila kitu kwa pamoja."

"Mama yako anajua mengi," Fundi alimwambia. "Anayejua mengi anakohoa mengi. Wewe msikilize tu, halafu ukate."

Waliocheka walikuwa wawili. Nilisimama nyuma ya mlango wangu mwenyewe, kwenye maabara yangu mwenyewe, mwanangu mwenyewe ananicheka, na sikuwa na pa kwenda. Kesho yake niliingia kwa mkuu wa shule. Nilizungumza habari ya usalama, asidi, chupa za vioo, wajibu wa shule. Siku ya pili tangazo likabandikwa: wanafunzi hawaruhusiwi kuingia stoo ya maabara. Fundi alilisoma, akatoa kigoda chake, akakiweka nje chini ya dirisha, na wanafunzi wakasimama juani kumsikiliza. Hakuwa amevunja tangazo lolote.

Ndipo nikafanya lile ambalo sijawahi kumwambia mtu. Katikati ya kipindi, kidato cha sita chote kimekaa mbele yangu, chaki mkononi, nikawaambia: "Mkitoka hapa mnakimbilia dirishani kumuuliza yule. Yule si mwalimu."  Mlango wa stoo ulikuwa wazi nusu, na kwenye rafu ndani niliona taa ndogo nyekundu ya redio yake. Nikageukia ubao nikaendelea. Asubuhi iliyofuata nilimpa habari za kazi. "Nzuri, Mwalimu," akasema, sauti ileile.

Miaka ikaenda. Alistaafu, tukampa baiskeli na mashuka, nikasoma hotuba niliyoandikiwa na ofisi. Kaseti zilikuwa zimeshakufa, vijana wanahifadhi mawaidha kwenye simu pamoja na vikohozi vyake. Nikasikia amehamia Itetemia, pembezoni mwa mji, analima mahindi. Baadaye nikasikia kiharusi kimempiga na kimegusa ulimi. Sikwenda. Nilituma salamu.

Mwaka huu wanafunzi wa zamani wametujengea maabara mpya. Mkuu wa shule wa sasa ni kijana aliyehamia kutoka mkoa mwingine, hakumkuta Fundi kazini, na aliniita ofisini nikiwa nimebakiza miezi minne kustaafu.

"Mama, shikamoo. Kuna jambo dogo. Wamependekeza majina ya kuwekwa mlangoni, yamekuja mawili tu. Lako, na la mzee mmoja wanamwita Fundi. Wengi wametaja la huyo mzee, sikufichi. Lakini bodi imesema jengo lipewe jina la mwalimu. Sasa mimi sikumkuta. Alikuwa mwalimu, au hakuwa mwalimu? Wewe ndiye mkuu wa idara. Niandikie mstari mmoja, utie saini, basi."

Niliandika mstari mmoja. "Hakuwa mwalimu." Nikatia saini. Ulikuwa ukweli mtupu ambao faili lake lingeuthibitisha. Nikaikunja barua, nikaitia mkobani, na badala ya kurudi ofisini kuikabidhi nikapanda bajaji kwenda Itetemia. Nilimwambia dereva naenda kumjulia hali mgonjwa. Nilichotaka hasa ni kumwona amedhoofika kabla sijaikabidhi barua, ili nimwonee huruma. Nilikuwa nimechoka kumwonea wivu, na huruma ningeweza kustaafu nayo.

Mkewe alinipokea uani, kati ya mahindi. "Mwalimu! Umepotea wewe. Pita, pita, yupo." Fundi alikuwa kwenye kiti cha kamba, upande mmoja wa mwili umelala, koti la sweta, kofia imenyooka. Niliingia nikiwa nimepanga maneno, na kabla sijayapata mdomo wangu ukasema wenyewe, "Shikamoo, Fundi."

Aliinua mkono mmoja akagusa kofia. "Ma... rahaba," akasema. Kisha akasema tena, vizuri zaidi, "Marahaba."

Maneno yake yalikuja na mapengo. Alianza sentensi, ikakatika, akaokota neno jingine mbele. Mkewe aliniletea kahawa na michembe. Tukakaa. Nilipoona hatuna la kuzungumza nikaanza kuaga, naye akainua mkono mzima akanyoosha kidole kwenye kabati. "Redio," alimwambia mkewe. "Ile... ya Mwalimu."

"Hiyo anasikiliza kila siku," mkewe akaniambia, anashusha redio kaseti ileile ya mpira kiunoni. "Mpaka na mimi nimejua introni ni nini, na shule nimeishia darasa la saba."

Kwenye kaseti palikuwa na mwandiko wake: Mwalimu, RNA, safi. Mkewe akabonyeza.

Ilikuwa sauti yangu. Sauti ya msichana aliyetoka chuo, kali kidogo, yenye Kisikonge ndani ya Kiingereza chake. Nikajisikia nikieleza nakala changa, kisha ukataji, kisha uungaji, kila hoja ikifuata nyingine bila mkwaruzo. Hakuna chaki iliyoanguka. Hakuna kengele, hakuna "nyamazeni nyie," hakuna "hilo mtalitafuta wenyewe vitabuni." Alikuwa amechukua vipindi vyangu vya miaka ya kwanza, akakata, akaunga, vikawa kipindi kimoja kisichozidi robo saa. Na katikati yake, kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu aliyechoka na kukata tamaa na darasa, nikajisikia nikisema: "Jamani, chukulieni ni kofia tu, inavaa kofia, basi." Sikumbuki kuyasema maneno hayo. Nilikuwa nimeyadondosha kati ya kelele zangu mwenyewe, na yeye aliyaokota upande wa pili wa mlango.

 Kila kitu alichowaambia dirishani kilitoka kwangu, isipokuwa wembe. Na nilimwonea wivu kwa wembe ule kuliko nilivyowahi kumwonea kwa jambo lolote, na nikamwonea wivu hata yule msichana wa kwenye kaseti aliyefundisha vizuri namna ile.

Nilidhani imekwisha. Utepe ukazunguka kimya kidogo, kisha sauti yangu ikarudi, kubwa zaidi, ya miaka ya baadaye.

"Mkitoka hapa mnakimbilia dirishani kumuuliza yule. Yule mwalimu."

Redio ikalia tak, ikazima. Mkewe alikuwa anatabasamu, kwa sababu alilijua neno lile kama sifa nzuri niliyompa mumewe mbele ya darasa. Mimi sikuweza kuinua macho. Fundi akaingiza mkono chini ya mto wa kiti, akatoa kibahasha cha dawa, kile cha karatasi, akakiweka kwenye kiganja changu. Ndani mlikuwa na kipande cha utepe wa kahawia, upana wa ukucha wa kidole kidogo.

"Chako," alisema. "Si... kutupa."

"Fundi," nikamwambia kwa sauti ya chini ili mkewe asisikie, "mkono uliteleza?"

Akacheka kwa upande mmoja wa uso. Akainua vidole vitatu.

"Mara tatu," akasema.

Nilirudi mjini kwa miguu mpaka nikapata bajaji mbele. Ofisini niliomba karatasi nyingine, kwa sababu ile ya kwanza haikurekebishika kwa kukata, "hakuwa" haigeuki "alikuwa" hata ukiwa na wembe. Ilibidi niandike upya. Mkuu wa shule alisoma mstari wangu, akanitazama, akauliza kama nina hakika, maana kwenye faili mzee anaonekana mfanyakazi wa kawaida tu. Nikamwambia faili halijasafishwa.

Jina lake liko mlangoni pale, herufi nyeupe juu ya bluu, anayelitaka akalisome. Yeye mwenyewe hajaliona, hawezi safari. Nimebakiza wiki chache. Kila asubuhi napita chini yake kwenda kufundisha, na kila asubuhi linanichoma, nisiseme uongo. Kibahasha kiko mkobani. Sijakitupa.